Katekista Aliyepunguza Miaka

Katekista alikuwa na fremu moja tu ya picha nyumbani kwake, na ndani yake walikaa marais wote. Kila mara nchi ilipopata rais mpya, aliigeuza fremu, akang'oa vimisumari vya nyuma, akaweka picha mpya mbele ya ile ya zamani, akapigilia tena. Ya zamani hakuitoa. Nilipoanza kumtembelea, fremu ilikuwa imevimba tumbo na kioo kilikuwa na ufa pembeni. Nilimuuliza kwa nini hawatoi walioondoka. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini hafukui makaburi.

"Wamo humo humo, Mwalimu," akasema. "Huyu wa mbele ndiye anayetutazama. Hao wa nyuma ndio waliofanya."

Mwalimu alikuwa mimi. Nilifundisha Uraia katika shule moja ya sekondari pale Nachingwea mjini, nikiwa nimepangiwa huko kutoka Kagera na ofisi ambayo naamini ilifumba macho ikachoma ramani kwa pini. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya siasa, ya daraja ambalo sitalitaja kwa sababu mama yangu bado yuko hai. Na nilikuwa na nadharia. Niliamini kwamba ukijua umri wa mpiga kura na kiasi cha hasira yake, unaweza kukisia kama atampa kura rais aliye madarakani au atamnyima. Umri ukipanda, hasira inashuka, kura inamwendea rais. Niliichora ubaoni kama mistari miwili inayokatana, na wanafunzi wakainakili kwa utiifu mkubwa, kama walivyonakili kila kitu.

Katekista aliishi katika kijiji kimoja upande wa Chinongwe, wilayani Ruangwa. Aliangalia kigango, kanisa dogo la matofali ya udongo ambalo padri alilifikia mara moja kwa mwezi, gari likipata mafuta. Jumapili nyingine zote alisalisha yeye. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo, mabaki ya ile njia ya treni iliyoletwa Nachingwea kwa ajili ya karanga; karanga zikagoma, reli ikang'olewa. Katekista alibeba mataruma ya reli ile ilipojengwa, akiwa kijana, na akayabeba yale yale ilipong'olewa, akiwa na mke na watoto. Alikisimulia kisa hiki bila kucheka, kisha akasubiri wewe ucheke, na ukicheka alikutazama kwa masikitiko.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Aliendesha baiskeli isiyo na breki na kuisimamisha kwa kisigino. Hakunywa pombe, ila kwenye sherehe alionja "kwa ajili ya kujua wenzangu wanakunywa nini," na kujua huko kulichukua muda. Kila mwaka aliwafundisha watoto amri ya nane, ya kutoshuhudia uongo, kwa ukali uliowaliza, na siku moja alitembea kutoka kijijini hadi Chinongwe kumrudishia mtu jembe ambalo mwenyewe alikuwa ameshasahau kwamba aliliazimisha. Ndiye pia aliyeandika misalaba. Mtu akifa, ndugu walileta msalaba wa mbao uliokwisha kupakwa rangi nyeupe, naye kwa brashi ndogo, nyembamba kama njiti, akaandika jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wote niliofanya nao kazi, na wangu nauweka kando kwa heshima.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa misalaba wala sala. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapa watu miaka.

Watu wengi kule hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtu alipohitaji umri, kwa ajili ya shule au ubatizo au hospitali, alikwenda kwa Katekista. Naye hakubahatisha. Alimkalisha mama kwenye kigoda na kumhoji kama hakimu. Ulikuwa na mimba kabla ya kuhamishiwa kijiji kipya au baada? Mtama ulikuwa shambani au ghalani? Huyu aliingia jando na nani? Hapo ndipo alipokuwa bingwa. Kila msimu wa jando, baada ya mavuno, wavulana walioingia pamoja walitoka wakiwa rika moja maisha yao yote, na Katekista alikuwa na kila rika kichwani, na wasichana waliochezwa unyago mwaka ule ule. Ukimtajia mtu mmoja, alikutajia wenzake wote. Kutoka hapo alihesabu kwa vidole, akatoa mwaka. Kitabu cha parokia kiliandika alichosema yeye.

Sasa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwaka aliousema haukuwa mwaka aliouhesabu. Shule ya msingi ilitaka mtoto wa miaka saba kwa darasa la kwanza, na mwalimu mkuu wa wakati ule aliwarudisha wote waliozidi. Watoto wa kule walichelewa. Walilinda mpunga na mahindi dhidi ya ndege na nyani, walilea wadogo zao, na shule ilikuwa mbali kwa miguu mifupi. Mtoto alipopata nafasi ya kwenda, alikuwa na miaka kumi, na shule ikamwambia amekwisha kuzeeka. Katekista akaanza kuandika saba. Alimpunguzia mmoja miaka mitatu, akampunguzia mwingine, akina mama wakasikiana, na kwa misimu kadhaa kijiji kizima kikapeleka shule watoto wa miaka saba wenye ndevu changa.

Nilijua hayo kwa sababu aliniambia mwenyewe, siku alipomleta binti yake wa mwisho, Devota, kuanza kidato cha kwanza shuleni kwetu. Barua ya umri, aliyoiandika yeye mwenyewe, ilisema ana miaka kumi na minne. Nilimtazama Devota, nikatazama barua, nikamtazama baba.

"Katekista, huyu ni kumi na minne?"

"Kwa shule, ndiyo."

"Na kwa Mungu?"

Alikuna kidevu. "Kwa Mungu kumi na saba. Lakini Mwalimu, sijamwongezea mtu hata mwaka mmoja. Nimepunguza tu."

Nilicheka sana. Niliwasimulia walimu wenzangu, nao wakacheka. Hakuna hata mmoja kati yetu, sisi wenye shahada na stashahada, aliyejiuliza siku hiyo watoto hao watafikaje miaka kumi na minane.

Nilikuwa nikienda kwake mara kwa mara nikiwa na dodoso langu. Nilijipa utafiti ambao hakuna aliyenituma, nikizunguka Mtua, Mkotokuyana na vijiji vya upande wa Ruangwa nikiuliza watu umri wao, hasira zao na kura zao. Kwenye safu ya umri nilikuwa na visanduku vilivyopangwa vizuri. Wazee waliviangalia kwa huruma. "Niweke popote, mwanangu," bibi mmoja aliniambia, "nafasi ikiwepo." Jioni nilimletea Katekista karatasi zangu, naye ndiye aliyezijaza safu ile. Kwa hiyo data yangu yote ya umri ilitoka kwa mtu aliyekuwa anapunguza umri. Utafiti huo, namshukuru Mungu, haukuchapishwa popote.

Uchaguzi wa mwaka elfu mbili ulipokaribia, rais aliyekuwapo alikuwa anaomba miaka mitano mingine. Kijijini kulikuwa na kijiwe cha mafundi baiskeli kando ya barabara, na bwana mkubwa wa hapo alikuwa kijana aitwaye Bosko. Zamani alimtumikia padri altareni. Sasa alikuwa fundi na mkulima wa ufuta, mrefu, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya bonde. Katekista alimpenda waziwazi. Alipeleka baiskeli yake pale hata ikiwa nzima, ili wagombane. Siku moja niliwakuta katikati ya mchezo wao.

"Katekista, huyo wa kwenye fremu yako amekuletea nini?" Bosko aliuliza, mikono imejaa grisi.

"Hajaniletea kitu."

"Sasa kura unampa ya nini?"

"Ana miaka mitano tu kazini. Mkorosho wenyewe unasubiriwa."

"Miaka mitano kwako kidogo, dingi. Kwangu ni robo nzima ya maisha yangu!"

"Kwa ile barua yake ni zaidi ya robo," mwenzake akadakia, na kijiwe kikalipuka kwa kicheko. Katekista naye alicheka, akijipiga paja.

Bibi mmoja aliyekuwa anapita na kuni alisimama. "Ntoto huyu ana hasira," akasema, akimwonyesha Bosko kwa mdomo. "Mamako alikula pilipili?"

"Alikosa hata hiyo pilipili, bibi!"

Tulipoondoka, Katekista akisukuma baiskeli, nilimwambia kwamba nadharia yangu imethibitika: kijana ana hasira, mzee hana. Alisimama.

"Nani kakwambia sina?"

Akanionyesha upande wa magharibi, msitu mtupu. Kule ndiko alikokuwa na mikorosho yake, akasema, aliyoipanda mwenyewe, kabla watu hawajahamishiwa kwenye vijiji vipya. Alihamishwa msimu ambao ilikuwa imeanza kuzaa vizuri. Ikabaki inawaangushia nguruwe pori.

"Aliyetia saini tuhamishwe yuko wapi, Mwalimu? Kafa. Au kastaafu, anafuga kuku. Aliyeng'oa reli yuko wapi? Hawagombei hao. Nikiingia pale kwenye kituo na hasira yangu, nikitazama karatasi, watu wangu hawamo. Aliyemo ni huyu, na wakati ule huyu nilikuwa sijawahi hata kumsikia. Nimfanyeje? Bosko yeye kamkuta huyu. Tangu apate akili kamkuta huyu na chama hiki na barabara hii. Hasira yake ina pa kutua. Yangu haina, basi narudi nayo nyumbani, nampa kura huyu wa mbele."

Niliandika maneno yote hayo kwenye daftari langu nikiwa nimesimama juani, nikihisi nimekuwa msomi. Ilikuwa mara ya mwisho kuona kazi yangu inafurahisha.

Uandikishaji wa wapiga kura ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Karani alikuwa kijana mgeni, aliyetoka mbali, mwenye shati lililopigwa pasi na hofu ya kukosea. Wazee aliwaandika bila shida, mvi zilitosha. Kwa vijana alitaka karatasi. Bosko, aliyekuwa amewahamasisha wenzake waende pamoja, wakiimba, alikuwa wa kwanza kuweka mezani cheti chake cha darasa la saba. Karani akakisoma, akakisoma tena.

"Una miaka kumi na saba, kaka. Njoo uchaguzi ujao."

Bosko alikuwa na miaka ishirini na mtoto mmoja. Wenzake wakatoa vyeti vyao. Waliokosa vyeti walitoa barua za Katekista. Kumi na tisa kwa jumla walikataliwa, wavulana na wasichana, akiwemo Devota aliyekuwa nyumbani kwa likizo, akiwa kidato cha pili, na wengine watatu wa sekondari. Walipiga kelele kwamba kila mtu kijijini anajua umri wao, kwamba walitoka jando na fulani na fulani ambao mmekwisha kuwaandika, waulizeni! Karani akasema kitabu chake hakina safu ya jando. Mwishowe akakubali jambo moja. Kama huyo aliyeandika barua atakuja mbele yake kusema kwa mdomo wake kwamba umri ule si wa kweli, ataandika maelezo yake na kuwaandikisha. Kituo kingefungwa baada ya siku mbili.

Katekista hakwenda siku ile. Alidandia lori la ufuta, akaja Nachingwea kwangu.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa barazani nasahihisha madaftari. Alikataa kiti, akakaa kwenye ngazi, akaeleza yote. Kisha akasema kitu ambacho mimi, kwa elimu yangu, nilikuwa sijakifikiria.

"Nikisema nilidanganya umri, Mwalimu, nitakuwa nimesema na vyeti vyao ni vya uongo. Hawa wanne walioko sekondari itakuwaje? Devota itakuwaje? Wewe uko huko ndani. Niambie."

Ningeweza kusema sijui. Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa fupi. Badala yake nilivua miwani, ambayo hata sikuwa naihitaji wakati ule, nikaongea kwa sauti ya mtu mwenye shahada. Nilimwambia karani ataandika maelezo, maelezo yatafika wilayani, watu wa elimu wataona, na wanafunzi wanne watafutwa shule. Nilimwambia kwamba kura zitarudi baada ya miaka mitano, ila shule hairudi. Nilimwambia, na hili nalikumbuka neno kwa neno, "Nchi haitapinduka kwa kukosa kura kumi na tisa, Katekista. Nyamaza." Ubaoni, wiki mbili kabla, nilikuwa nimeandika kwa chaki ya rangi kwamba kila kura ina thamani sawa.

"Kwa hiyo karani akiniuliza?"

"Mwambie umri ni huo huo."

Alitazama mikono yake. "Mimi nimewafundisha amri ya nane," akasema, si kwangu hasa. Kisha akaomba maji, akanywa, akaenda kutafuta lori la kurudi.

Sikuwepo siku ya pili yake. Nilisimuliwa na watu wengi mno, na wote walisimulia vilevile. Vijana walijaa darasani na kwenye madirisha. Bosko alimpisha Katekista kwa heshima, akamwekea kiti. Karani akanyanyua barua moja.

"Mzee, hii umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Umri ulioandikwa humu ni wa kweli?"

Wanasema alimtafuta Devota kwa macho, akampata dirishani.

"Ndiyo," akasema.

Bosko alikichukua kile kiti alichomwekea, akakirudisha ukutani.

Siku ya kura wazee na akina mama wazima walijipanga tangu asubuhi, na sanduku la kijiji kile lilimpa rais ushindi mnene. Redioni mtu mmoja mwenye sauti nzuri alisema kusini kumetulia na wananchi wameridhika. Nilimsikiliza nikiwa na chai mkononi. Mistari yangu miwili ilikuwa imekatana pale pale nilipoichora: wenye umri walimpa, wenye hasira walikuwa nje wakitazama.

Ila hasira ile haikuisha kwa sababu ilikosa karatasi. Ilitafuta mtu. Rais alikuwa mbali, picha kwenye fremu. Katekista alikuwa pale, na fremu ilikuwa yake. Habari ikaenea kwamba alinunuliwa, kwamba chama kilimpa kitenge cha mkewe na baiskeli mpya, ingawa baiskeli ilikuwa ile ile isiyo na breki na kila mtu aliiona. Kwamba alianza kupunguza miaka tangu zamani kwa makusudi, akijua siku hii itakuja. Wakampa jina: Rais. "Shikamoo, Rais." "Rais kapita na msafara," walisema akipita na baiskeli, na wakasimama kwa nidhamu ya kejeli hadi aishie. Wiki moja kipande cha reli kikatoweka. Jumapili iliyofuata Katekista aliita watu kwa sauti yake mwenyewe, akizunguka nyumba kwa nyumba, na vijana hawakutoka. Hawakutoka tena. Alisalisha mabenchi ya wazee, wale wale waliompa rais kura, nao mmoja baada ya mwingine wakawa wanaisha.

Nilipomtembelea mwaka uliofuata hakunilaumu. Alinikaribisha, akanipa mihogo ya kuchoma, akasema, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, "Mimi ndiye rais pekee waliyewahi kumfikia kwa miguu."

Nilimwambia niende nikawaeleze vijana ukweli. Alikataa. Ningesema nini, akauliza, bila kuvigusa vyeti? Ngoja kwanza Devota amalize. Nami nikaona ana hoja, kwa sababu hoja yake ilikuwa yangu, na nikarudi Nachingwea nikiwa mwepesi kuliko nilivyostahili.

Devota alimaliza. Alipata daraja sifuri. Mwalimu wa hisabati tulikuwa hatuna kwa miaka miwili, wa kemia hakuwahi kuwepo, na Uraia, somo langu, ndilo pekee alilofaulu. Wale wengine watatu waliacha njiani, mmoja kwa mimba, wawili kwa sababu ambazo rejista iliziita "utoro." Devota alirudi kijijini kulima. Hakuwa anamwita baba tena. Akihitaji kumwambia kitu alimtuma mama.

Haikupita muda nikakutana na afisa mmoja wa elimu kwenye mgahawa. Katika mazungumzo, kama utani, nikamuuliza ingekuwaje mtu akigundulika alipunguza umri ili aingie shule. Alicheka hadi soda ikamtoka puani.

"Mwalimu, nusu ya wilaya hii imepunguza. Mimi mwenyewe nimepunguza! Unakwenda kwa hakimu, unakula kiapo, wanarekebisha, unaendelea kusoma. Kwani nani afukuze watoto wote hao?"

Niliagiza soda nyingine nisiyoitaka. Sikwenda kijijini kumwambia. Nilijiambia haitamsaidia, na hilo linaweza kuwa kweli. Miaka ikapita mitano, kisha zaidi. Daftari jipya la wapiga kura likaja, wote kumi na tisa wakaandikishwa bila swali maana hata barua zao za uongo zilikuwa zimekwisha kukua, na nasikia Bosko siku hiyo alikitazama kitambulisho chake, akakitia mfukoni, na siku ya kura akaenda shamba.

Mara ya mwisho kumwona Katekista, alikuja tena Nachingwea kwangu. Alikuwa amepungua, suruali imefungwa kwa kamba, macho yana ukungu. Mkononi alikuwa na kopo la rangi nyeupe na kopo dogo la nyeusi, vipya kutoka dukani.

"Bosko kafa," akasema. "Shimo lilimwangukia machimboni. Siku arobaini ni kesho. Nataka twende wote."

Tulikwenda kwa gari la mizigo, tumekaa juu ya magunia. Njiani alinieleza. Siku ya maziko mama yake Bosko alimletea msalaba pamoja na kile cheti cha darasa la saba, ili aandike mwaka sahihi. Mama huyo alijua mwaka wa mwanawe. Lakini cheti ni karatasi ya serikali, akasema, na mwanawe azikwe kiserikali. Katekista akaandika mwaka wa kwenye cheti.

"Kwa mkono wangu, Mwalimu. Nikijua. Nimemzika na miaka yangu mitatu."

Makaburini walikuwepo wengi, na wengi wao ni wale waliobaki wa kumi na tisa, sasa watu wazima wenye watoto mgongoni. Devota alikuwa amebeba wa kwake. Sala ilipokwisha, kabla watu hawajaenda kwenye chakula, Katekista alipiga magoti mbele ya msalaba, akafungua rangi nyeupe, akafuta tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kuzaliwa. Mama yake Bosko akashtuka. Katekista akaongea akiwa amewapa watu mgongo, na kwa vile sauti ilikuwa imekwisha, ilibidi wasogee.

"Huyu hakuzaliwa mwaka ule. Alizaliwa miaka mitatu nyuma. Nilipunguza mimi, apate shule. Karani aliponiuliza nilisema ndiyo, na ilikuwa uongo. Wote mlikuwa watu wazima."

"Kwamba ni watu wazima tulikuwa tunajua, mzee," mwanamume mmoja alijibu taratibu. "Tulikuwa tunakungoja wewe."

"Walikupa nini?" mwingine akauliza.

"Hawakunipa kitu."

"Sasa nani alikutuma?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Alichovya brashi kwenye rangi nyeusi.

"Nilikuwa na akili zangu," akasema, na akaandika tarakimu ya kweli.

Watu walisubiri kidogo, labda kulikuwa na zaidi. Hakukuwa. "Haya, Rais," mtu akasema, bila kejeli hata, kwa uchovu tu, na wakaanza kuondoka. Devota alibaki. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi.

"Mwalimu, siku ile alikuja kwako. Mama aliniambia. Mliongea nini?"

"Mambo ya shule," nikasema.

Aliyapima maneno hayo, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaondoka. Katekista hakuweza kuinuka, nilimshika kwapa. Alipokwisha kusimama aliniwekea brashi mkononi na kichupa cha mafuta ya taa, akaniomba niioshe kabla rangi haijakauka, maana ni hiyo moja tu aliyo nayo. Nilichuchumaa pembeni ya kaburi, nikaiosha. Ilitakata upesi. Niliendelea kuiosha mpaka mafuta yakaisha.